Mashine ya Vyombo Inayogoma Siku ya Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Ilazo, Dodoma

Nyumba ipo Ilazo. Wanaishi watu sita. Jikoni kuna mashine ya kuoshea vyombo ya upana wa sentimita 60, yenye mlango wa mbele, iliyo katika mwaka wake wa pili wa kazi. Maji ya bomba yanaingia kwenye simtanki la lita 2,000 lililokaa juu ya mnara wa zege wa mita 3, kisha yanashuka hadi jikoni kwa bomba la nusu inchi lenye kona nyingi.

Malalamiko yalikuwa manne. Glasi zinatoka na ukungu mweupe. Sahani zinabaki na chembechembe zinazokwaruza kidole. Programu iliyoandikwa saa mbili inakwenda saa tatu na zaidi, hasa jioni. Na siku nyingine mashine inawasha taa ya alama ya bomba, inapiga kengele na kusimama kabla haijaosha chochote. Fundi aliyeitwa mwanzo alisema pampu ya kuzungusha maji imekufa na bodi imechoka, akaandika vyote viwili viagizwe Dar es Salaam.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichokuwa kibovu. Kasoro zilikuwa kwenye njia ya maji, kwenye maji yenyewe na kwenye umeme unaoifikia mashine, na zilikuwa zimebebana kiasi kwamba ukitibu moja tu huoni nafuu. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu. Mtu mwenye mashine kama hii Kisasa, Nzuguni, Iyumbu au Area D anaweza kukuta zaidi ya nusu ya mambo haya nyumbani kwake, na karibu yote yanapimika bila kufungua skrubu moja.

Inagoma lini?

Swali la kwanza kwa mwenye nyumba halikuwa "imeharibika nini", lilikuwa "inagoma lini". Jibu lake lilifupisha kazi yote: "Siku maji yakitoka inaosha vizuri tu, fundi. Ikifika siku ya tatu ndiyo taa inaanza."

Pampu mbovu haichagui siku. Bodi iliyoungua haipati nafuu tanki likijaa. Hitilafu inayofuata ratiba ya mgao wa maji inatokana na maji, kwa hiyo kipimo cha kwanza kilifanyika kwenye koki.

Presha ya maji yanayoshuka kutoka tankini inategemea kimo peke yake: kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1. Ukubwa wa tanki hauongezi kitu. Hapa kitako cha tanki kipo mita 3 juu ya ardhi na tanki likijaa uso wa maji unafika kama mita 4.4. Koki ya mashine ipo nusu mita kutoka sakafuni. Likijaa, basi, kimo halisi ni mita 3.9, yaani baa 0.39. Likikaribia kuisha ni mita 2.5, yaani baa 0.25, na hapo bado hujatoa kinachopotea kwenye kona za bomba. Kitabu cha mashine hii kinataka baa 0.5 kwenda juu. Kuna mashine zinazoridhika na baa 0.3, kwa hiyo soma kitabu chako au kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango kabla ya kununua chochote.

Asiye na geji ya presha atumie ndoo na saa ya simu. Fungua mpira wa maji kwenye koki, weka ndoo ya lita 10, fungua koki hadi mwisho. Watengenezaji wengi wanataka koki iliyo wazi itoe angalau lita 10 kwa dakika. Ilazo ndoo ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 30, ambayo ni lita 4 kwa dakika. Kisha mpira ukarudishwa kwenye koki, ukafunguliwa upande wa mashine na kupimwa tena: lita moja ilichukua sekunde 50, yaani lita 1.2 kwa dakika. Kutoka 4 hadi 1.2 ndani ya mpira wa mita moja na nusu maana yake ni kwamba kuna kitu kimeziba humo.

Kilichoziba ni kichujio kidogo cha wavu kinachokaa ndani ya nati ya mpira, upande wa koki. Katika mashine nyingine kinakaa kwenye mdomo wa valvu ya kuingiza maji, na baadhi zina vyote viwili. Kitoe kwa plaiza yenye ncha nyembamba, ukikivuta taratibu kwa kile kijishikio cha katikati. Kilikuwa kimejaa mchanga laini wa rangi ya kahawia na vipande vya plastiki vilivyobaki bomba lilipokatwa wakati wa ujenzi. Maji yakirudi baada ya mgao, mkupuo wa kwanza hukokota tope na kutu yote iliyotulia kwenye mabomba na kuyamwaga tankini. Tope hilo hutulia chini. Tanki likishuka hadi robo, njia ya kutokea inaanza kulivuta. Kwa hiyo siku ya tatu ilikuwa na mabaya mawili kwa pamoja: presha imeshuka na uchafu umeongezeka.

Kama mpira wako una boksi la plastiki lenye waya kwenye nati, hiyo ni valvu ya kuzuia mafuriko. Usilizamishe kwenye maji na usilikate ili kuunga mpira mwingine, kwa sababu ndani yake mna umeme.

Maji yanayoingia na kutoka papo hapo

Wavu ulipooshwa mpira ukatoa lita 3.8 kwa dakika. Mashine ikawashwa. Ikaanza kwa kutoa maji ya zamani, ikafungua valvu, maji yakasikika yakiingia, na baada ya dakika kadhaa taa ya bomba ikawaka tena.

Hapa ndipo mtu hukata tamaa na kurudi kwenye wazo la bodi. Subira inahitajika, na masikio pia. Mashine ilipokuwa inavuta maji, nje ya ukuta wa jiko, kwenye gali (kishimo cha kupokelea maji taka), kulikuwa na mtiririko mwembamba usiokatika. Mpira wa kutolea maji taka ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la ukuta usawa wa sakafu na kulala moja kwa moja kwenye gali, chini kuliko kitako cha mashine.

Mashine huanza karibu kila programu kwa kusukuma nje maji yaliyobaki. Mpira ukijaa maji na mdomo wake ukawa chini, maji yanaendelea kujivuta yenyewe hata pampu ikizimwa, jinsi mafuta yanavyonyonywa kwa mpira kutoka kwenye pipa. Mashine inaingiza lita 3.8 kwa dakika, sehemu inatokea nje, kiwango ndani hakifiki, muda unaisha, inahesabu kwamba hakuna maji. Tanki likiwa limejaa maji yanayoingia yanashinda yanayotoka. Tanki likishuka yanashindwa.

Tiba haikugharimu kitu zaidi ya kibano na skrubu mbili. Mpira ulipandishwa nyuma ya kabati hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, ukafungwa usishuke, kisha ukaingizwa kwenye bomba la kusimama la inchi moja na nusu lililo wazi juu ili hewa ipite. Usiuzibe mpira ndani ya bomba kwa gundi au kwa kitambaa. Ile nafasi ya hewa ndiyo inayokata mvuto. Vitabu vingi vinaruhusu kimo kati ya sentimita 40 na mita 1. Ukizidisha, pampu ndogo ya kutolea maji itahangaika. Faida nyingine ni kwamba panya na mende hawapandi tena kwenye mpira ulio wazi gali.

Taa ya bomba haikuwaka tena siku hiyo. Lakini lita 3.8 bado ni chini ya zinazotakiwa, na siku tanki likifika robo tatizo lingerudi. Kulikuwa na njia mbili: kupandisha mnara, au pampu ndogo ya kuongeza presha. Mnara ungehitaji kufika zaidi ya mita 6 ili kimo, baada ya kutoa kinachopotea kwenye kona, kitoe baa 0.5 tanki likiwa karibu tupu. Mwenye nyumba akachagua pampu ya wati 120 yenye swichi inayojiwasha maji yakianza kutembea. Baada ya kuifunga koki ilitoa lita 12 kwa dakika.

Ukifuata njia hiyo, kuna mambo matatu ya kuangalia. Pampu ikae baada ya tanki. Ukiifunga kwenye bomba linalotoka barabarani inanyonya maji ya majirani na kuvuta uchafu kupitia maungio yanayovuja. Pili, swichi yake iweze kuamka kwa mtiririko mdogo, lita 2 kwa dakika au chini, kwa sababu valvu ya mashine yenyewe huruhusu lita chache tu kwa dakika. Lita 10 za kitabuni ni kipimo cha koki iliyo wazi. Tatu, weka boya la umeme tankini litakaloizima pampu maji yakiisha. Pampu ya namna hii ikizunguka kavu haichukui muda kuungua.

Kuhusu vichujio: watu wengi wanafunga vile vya mkebe vyenye pamba ya mikroni 5 wakidhani wanailinda mashine. Kwenye maji yanayoshuka kwa uzito wake kichujio hicho kinakaba kila kitu, na kikianza kujaa tope kinakaba zaidi. Kinachofaa ni kichujio cha wavu wa chuma cha umbo la Y, matundu ya mikroni 150 hivi, kabla ya pampu, kinachofunguliwa kwa spana na kuoshwa. Na tanki lenyewe lioshwe kila baada ya miezi sita, njia ya kutokea ikiwekwa sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini.

Ukungu kwenye glasi

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa ni ya visima, hasa vya bonde la Makutupora huko Mzakwe, kaskazini mwa jiji. Maji ya ardhini hupita kwenye miamba na kuyeyusha kalisi na magnesi, na hayo mawili ndiyo yanayofanya maji kuwa magumu. Mama wa nyumbani anayajua bila maabara: sabuni haitoi povu upesi, na birika la umeme linaota ukoko mweupe ndani. Ugumu unatofautiana kisima hadi kisima, kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani. Tumia vijikaratasi vya kupimia, vinavyouzwa na wauza vifaa vya maji na mabwawa ya kuogelea.

Ilazo karatasi ilivuka alama ya digrii 21 za Kijerumani. Digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kabonati ya kalisi kwa lita, kwa hiyo kila lita ilibeba zaidi ya miligramu 370. Mashine inayotumia lita 10 kwa mzunguko inapitisha karibu gramu 4 za chokaa kila inapoosha. Sehemu inatoka na maji taka, sehemu inabaki kwenye glasi, kwenye matundu ya mikono ya kurushia maji na kwenye hita.

Kabla ya kutibu, hakikisha ukungu wenyewe ni wa chokaa. Chovya kitambaa kwenye siki au ndimu, sugua nusu ya glasi, suuza, kausha. Nusu hiyo iking'aa ni chokaa. Isipong'aa, kioo chenyewe kimechubuka na hakuna dawa. Katika glasi zilizojaribiwa hapa karibu zote ziling'aa. Mbili hazikubadilika kwa kuwa zilikuwa zimesuguliwa kwa stilwaya muda mrefu kabla.

Ndani ya mashine kuna kifaa cha kulainisha maji. Ni mkebe wenye punje ndogo za plastiki maalumu zilizoshika sodiamu. Maji yakipita, punje zinanasa kalisi na magnesi na kuachia sodiamu. Zikishajaa, mashine inavuta maji ya chumvi kutoka kwenye chombo kilicho sakafuni mwake, chini ya rafu ya chini, na kuzisafisha ili zianze upya. Bila chumvi hakuna kusafishwa, na mkebe unabaki kupitisha maji kama yalivyo.

Chombo cha chumvi cha mashine hii hakikuwahi kujazwa. Mwenye nyumba alikuwa anatumia vidonge vya sabuni vilivyoandikwa kwamba vina kila kitu ndani yake, na aliamini chumvi si lazima. Vidonge hivyo vinajitosheleza hadi takriban digrii 21 tu. Juu ya hapo chumvi lazima iwekwe hata kama unatumia vidonge.

Chumvi gani? Inayotakiwa ni kloridi ya sodiamu safi, ya punje kubwa, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kuganda. Chumvi laini ya mezani inaganda na kuziba njia, na dawa zilizochanganywa zinachafua punje. Chumvi ya mawe isiyosafishwa ina mchanga na hubeba magnesi, kitu kilekile tunachojaribu kukiondoa. Ukikosa ile ya mashine, tafuta chumvi ya vidonge vikubwa inayotumiwa na mahoteli kwenye mitambo ya kulainisha maji, uipondeponde ipite mdomo wa chombo. Ijaribu kwanza: kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha nusu saa. Maji yakiwa na ukungu au chini kukabaki matope, usiitie.

Mara ya kwanza chombo hujazwa maji takriban lita moja, kisha chumvi kwa faneli hadi kijae, kwa kawaida kilo moja hadi moja na nusu. Maji yatafurika, hiyo ni sawa. Futa punje zilizomwagika, funga kifuniko barabara na uwashe programu papo hapo bila vyombo. Maji ya chumvi yakilala kwenye sakafu ya chuma usiku kucha yanaacha madoa ya kutu. Na kwa kila aliye jikoni, dada wa kazi akiwa wa kwanza kuambiwa: sabuni isiingie kamwe kwenye chombo hicho. Ikiingia, punje zinaharibika na mkebe mzima unabadilishwa.

Kujaza peke yake hakutoshi. Mashine lazima ielezwe ugumu wa maji. Katika mashine nyingi za Bosch na Siemens kipimo ni 0 hadi 7. Kiwandani kinawekwa 4, ambacho ni cha digrii 13 hadi 16. Digrii 22 hadi 30 ni namba 6, na juu ya hapo ni 7. Mashine nyingine zina mpangilio wake, tazama kitabu. Hapa ilipandishwa kutoka 4 hadi 6.

Je, punje zilizokaa karibu miaka miwili bila chumvi zimekufa? Mara nyingi hufufuka, lakini si kwa mzunguko mmoja. Namna ya kujua ni kusimamisha mashine wakati wa suuzo la mwanzo, kabla kisanduku cha sabuni hakijafunguka, na kuchota kikombe cha maji kutoka chini. Ukipima maji yenye sabuni kipimo kitakudanganya. Baada ya mizunguko ya wiki moja karatasi ilishuka hadi digrii 5 hivi. Mkebe ulikuwa mzima.

Ukoko wa zamani

Chumvi inazuia ukoko mpya, haiondoi wa zamani. Kwa huo ilitumika asidi ya sitriki ya unga, gramu 150, ikamwagwa sakafuni mwa mashine tupu, programu ya digrii 50. Watu hupenda kuweka joto la juu kabisa wakidhani itang'oa zaidi. Kumbuka kwamba kalisi ikiungana na sitriki huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto, na ikizidi inaweza kuganda upya kama unga mweupe. Digrii 50 inatosha. Ilirudiwa mara ya pili siku iliyofuata, bila sabuni, na kumaliziwa na suuzo tupu.

Siki inafanya kazi hiyohiyo kwa udhaifu zaidi, na ikitumiwa mara kwa mara inachakaza mipira ya kuzibia. Jiki isiingie humu kabisa. Inakula chuma, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini ambayo jikoni palipofungwa inaweza kumdhuru mtu vibaya.

Mikono ya kurushia maji ilitolewa. Wa chini hunyanyuliwa juu, wa juu mara nyingi huzungushwa robo. Katika matundu ya mkono wa juu, karibu nusu yalikuwa yamezibwa na chokaa iliyoshikana na punje za wali. Uliloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vya sitriki kwa saa moja, kisha matundu yakazibuliwa kwa njiti ya meno. Usitumie msumari, tundu likipanuka, presha ya mengine inashuka. Ukirudisha, upulize au uusukume kwa kidole: lazima uzunguke bila kukwama, na uzunguke tena ukishapanga vyombo. Mwiko mrefu au mpini wa sufuria unaochungulia chini unatosha kuufunga usigeuke mzunguko mzima.

Chembechembe

Chanzo cha chembe kilikuwa kichujio cha sakafuni. Kina sehemu mbili au tatu: silinda ya wavu mpana na sahani ya wavu mwembamba chini yake. Kizungushe kinyume na saa, kivute. Kilikuwa na tabaka la utelezi la kijivu, na hapa chakula cha Dodoma kina neno lake. Mlenda ukipata joto unatandaza ute juu ya wavu, na unga wa ugali wa uwele unajipachika juu ya ute huo. Maji yakishindwa kupita kwenye wavu yanapita juu yake, yakibeba chembe hadi kwenye pampu na kurudi kwenye sahani.

Kioshe kila wiki kwa brashi ya meno ya zamani na sabuni ya maji, nyumba inayopika mlenda mara nyingi ifanye hivyo kila siku ya tatu. Ukikirudisha, kizungushe hadi kishike. Kichujio kilichokaa bila kushika kinaruhusu mifupa ya dagaa na mbegu za zabibu kufika kwenye panga la pampu ya kutolea maji. Ukitoa kichujio, angalia na kikombe cha chini: maji kidogo safi yaliyobaki ni ya kawaida, yanalinda mipira isikauke. Maji mengi machafu si ya kawaida.

Sahani zikwanguliwe tu, hazihitaji kuoshwa kwanza. Sufuria yenye ukoko wa ugali iloweke maji baridi kwa dakika 20. Ila sufuria zetu za alumini zisiingie kabisa. Sabuni ya mashine ni kali, inakula ngozi ya nje ya alumini, na sufuria inatoka nyeusi na kuacha weusi mikononi. Miko, kibao cha chapati, vyungu na hotipoti navyo vibaki nje. Hotipoti hunywa maji kati ya kuta zake.

Sabuni iwe ya mashine ya vyombo, gramu 20 hadi 25 kwa mzigo mmoja. Sabuni ya maji ya mkono au ya unga ya kufulia inatoa povu. Pampu inasukuma hewa badala ya maji, povu linavuka mlango na kushuka kwenye trei ya chini, boya la usalama linapanda na mashine inajifunga. Kisanduku cha dawa ya suuzo la mwisho nacho kilikuwa kikavu. Kikajazwa. Bila dawa hiyo matone yanang'ang'ania kwenye glasi na kukaukia hapo.

Saa tatu badala ya mbili

Muda ulikuwa na sababu mbili, na ukoko kwenye hita ni mojawapo. Nyingine ni umeme. Voltimita kwenye soketi ilisoma 226 asubuhi. Saa moja na nusu jioni, hita ikifanya kazi, ilisoma 187. Nguvu ya hita hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: hita ya wati 2,000 kwa volti 230 inabaki na wati 1,320 hivi kwa volti 187, yaani theluthi moja imepotea. Mashine haiendelei hadi joto lifike, kwa hiyo inasubiri. Uniti za LUKU zinazotumika kupasha maji hazibadiliki sana, kwa kuwa maji ni yaleyale na joto ni lilelile. Kinachoongezeka ni muda.

Hita yenyewe ilipimwa, plagi ikiwa imechomolewa. Omu 26. Volti 230 zikizidishwa kwa 230, ukagawanya kwa wati 2,000, unapata 26.5, kwa hiyo hita nzima. Kati ya ncha zake na chuma cha mwili multimita haikusoma kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Jambo la hatari zaidi lilikuwa pembeni. Mashine ilichomekwa kwenye ekstensheni moja na friji, na tundu lake lilikuwa limegeuka kahawia. Mashine hii inavuta karibu ampea 9 peke yake. Ilipewa soketi yake ukutani, waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 16 na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Wenye nia ya kuongeza kifaa cha kulinda kama kile cha friji wasome ampea zake kwanza. Cha ampea 5 kitaungua. Na kwa kuwa vifaa hivyo hukata volti zikishuka sana, jioni kama hizi vinaweza kuizima mashine katikati ya kazi. Kwa nyumba hii dawa rahisi ilikuwa kutumia kitufe cha kuchelewesha na kuosha alfajiri, volti zikiwa zimetulia.

Baada ya hayo yote programu ikarudi saa mbili na dakika chache.

Lini ufungue mashine

Kama ndoo inajaa kwa dakika moja, wavu ni safi, mpira wa kutolea uko juu na taa ya bomba bado inawaka, sasa ndiyo zamu ya bisibisi. Chomoa plagi, funga koki, laza taulo sakafuni, toa paneli ya chini. Pima koili ya valvu ya kuingiza maji: nyingi husoma kilo-omu 3 hadi 5. Isiposoma kitu, koili imekatika na valvu inabadilishwa nzima. Koili ikiwa nzima na valvu inavuma bila kupitisha maji, kiwambo chake kimekwama kwa chokaa. Kukisugua kunasaidia kwa muda mfupi tu, ni afadhali kununua nyingine.

Mashine isiyotoa maji, pampu yake ya kutolea ikaguliwe panga kwanza, maana mara nyingi ni njiti au kipande cha kioo, kisha koili, ambayo kwa kawaida ni omu 100 hadi 200. Ukikuta maji kwenye trei ya chini, usiikaushe na kuondoka. Washa mzunguko mfupi paneli ikiwa wazi, kaa mbali na nyaya, tumia tochi na utafute tone linapoanzia: kibano cha mpira, mdomo wa pampu, au ukingo wa mlango wenye mpira ulioshika mafuta. Bodi iwe ya mwisho kushukiwa, na isinunuliwe kabla ya kupima kama inapeleka volti 230 kwenye valvu wakati wa kuvuta maji. Kipimo hicho kinafanyika umeme ukiwa hai. Kiachwe kwa fundi mwenye glavu na vifaa.

Mashine ya Ilazo haikufika huko. Iliyobaki ni ratiba iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati: kichujio cha sakafuni kila siku ya tatu, wavu wa koki na kichujio cha Y kila mwezi, chumvi taa yake ikiwaka, sitriki gramu 100 kila miezi mitatu. Familia ikisafiri likizo, koki ifungwe, mlango uachwe wazi kidogo, na wakirudi mzunguko wa kwanza uwe mtupu, baada ya maji ya tope kumwagwa kwanza kwenye sinki.